Gemu Kumi kwa Buku

Meza yangu iko Makoroboi, ubavuni mwa muuza soksi,
futi tatu kwa mbili, mwavuli umechanika upande wa ziwa.
Nimeandika kwa peni nyekundu juu ya boksi la sabuni:
TUNARUSHA GEMU. MOJA MIA MBILI. KUMI KWA BUKU.
Anayenunua moja, huyo hesabu zilimshinda.

Nina mbio za magari, nina mpira wa Ulaya,
nina vita vya watu wasiokufa wakaisha.
Zote nimezipata kwa mtu wa Mabatini
aliyezipata kwa mtu asiyetajwa.
Kufuli zimeshavuliwa. Gemu ikifika kwangu
haiulizi dola, haiulizi kadi ya benki,
haiulizi hata jina lako.

Jumanne ile korongo walijaa juu ya mabati,
wametoka Kirumba, wameshiba matumbo ya sangara.
Akaja binti mrefu, mkoba wa kompyuta begani,
mtupu. Mkoba mtupu unajulikana, hauvuti bega.
Akanisalimu kwa Kisukuma.
"Una Fukuza Korongo?"

Ninayo! Hiyo inatoka kama maandazi ya asubuhi.
Dagaa wameanikwa mchangani, wewe umeshika ufagio,
korongo anakuja mmoja, wanakuja wawili,
halafu kundi, halafu mpini unakatika.
Sumbuko, mtoto wa muuza soksi, yuko hatua ya thelathini na moja.

"Pale mvua inapowawahi dagaa," akasema.
"Hapohapo! Kumbe umeicheza?"
"Nimeitengeneza."

Muuza soksi akanyamaza katikati ya bei.

Maneno ya kujibu huwa ninayo, nayaweka tayari kama chenji.
Nikamwambia: dada, kule dukani, ndani ya simu,
inauzwa elfu mbili na mia nne.
Hiyo ni kilo ya sembe na nauli ya Igoma.
Tena wanataka kadi. Mama Sumbuko kadi yake ni ya kliniki.
Nikamwambia: nikila sato wako, umemkosa,
lakini nikinakili gemu, gemu yako si bado unayo?

"Sinayo," akasema.

Walivunja dirisha Nyegezi, yeye yuko msibani Magu.
Wakabeba kompyuta, chaja, na flashi aliyoificha ndani ya kiatu.
Miaka miwili ya usiku. Luku ya kuungaunga.
Sauti ya ufagio aliirekodi kwa bibi yake, Kayenze,
bibi akilalamika kwamba kufagia nako kuna nini cha kurekodi.
Kule dukani waliishaishusha, hakulipa ada.
"Walionunua ni kumi na wanane," akasema,
"na watatu ni binamu zangu."

Sikutaka kuhesabu. Vidole vilihesabu vyenyewe:
mimi nimerusha mia nne na kitu.

Sumbuko akainua simu yake yenye ufa.
"Dada Nkwimba" (jina alilipata wapi? Kumbe liko mwanzoni kabisa,
kwa herufi ndogo, mimi huliruka)
"kwa nini korongo mweupe haogopi ufagio?"
Akachuchumaa. "Mwachie dagaa mmoja."
Mtoto akamwachia. Ndege akaruka, akaenda zake.

"Nirushie," akaniambia.
Nikarusha. Mstari wa kijani ukatambaa, tukautazama wote,
kama watu wanaosubiri majibu ya damu.
"Hawa wameshakaangwa," akasema, "siwezi kuwarudisha majini.
Ila ufagio nausikia."
Akaweka simu sikioni, hapo kwenye kelele za Makoroboi,
akasikiliza kufagia.

Alitoa mia mbili. Nikakataa.
Akaiacha mezani, upande wa simba juu.

Jioni kijana wa Mkuyuni akataka kumi za buku.
Nikampa tisa. Akahesabu, akadai ya kumi, ile ya korongo.
Nikamwambia: hiyo ina mwenyewe.

Akaitazama simu yake, akanitazama mimi.
"Na hizi tisa," akauliza, "uliziokota?"