Daftari la Dobi

Taarifa ya serikali: wanne, tena walikanyagana wenyewe.
Chama cha wachuuzi: sitini na ushei.
Mwenye kitabu, aliyekuwa Ulaya mwaka ule, kaandika "kadhaa".

Mimi Kwandu binti Maduhu, dobi wa hospitali pale mlimani,
sikuwapo Makoroboi. Milio niliisikia,
nikadhani wanapasua mawe Mabatini.

Ninachojua ni mashuka.
Jumanne yalipanda wodini themanini, yakashuka themanini.
Jumatano yakapanda themanini,
yakashuka arobaini na tisa.

Hesabu ipo, kwa kalamu ya risasi,
na sahihi ya bwana stoo
aliyehamishwa Alhamisi, hata chai hakumaliza.

Kijana wa chuo akauliza: basi ni thelathini na mmoja?
Mwanangu, shuka si mtu.
Wengine hufunikwa wawili wawili. Mwingine hakupata.
Jingine labda liliibwa tu, baridi ya Julai.
Akazima kinasa sauti.

Maji ya kufulia niliyamwaga mferejini,
yakaingia Mirongo,
Mirongo ukaingia ziwani.
Ziwa halikubadilika rangi.

Hilo nalo wamelifanya ushahidi.