Gia ya Mkono wa Kushoto

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, saa tatu asubuhi,
fundi Singano amemwaga gia zake juu ya gunia
kama muuza dagaa.
Chagua, anasema, macho yake kwenye spoku.

Kuna ya kuzungusha, imevikwa mpira mweusi,
unaikamata kama mpini wa pikipiki, unaipinda.
Kuna ya kubonyeza: gumba linasukuma, cha shahada kinavuta;
imetoka kwenye baiskeli ya mtumba,
kidirisha chake cha namba kimepasuka,
na maandishi yake ya Kijapani
hayajawahi kupata msomaji mtaani.
Na kuna kijiti cha chuma, kikongwe, hakina namba,
kimekaa pembeni kama mtu aliyekuja kudai.

Nazijaribu zote.
Mkono huu umekata mkonge miaka kumi na minane,
hakuna gia isiyoutii.
Naipenda ya kuzungusha. Inang'aa.
Naanza kuuliza bei.

"Kwani baiskeli ni yako?"
Singano hajainua uso.

Mwantumu ana miaka minane na nusu
(hiyo nusu anaidai mwenyewe, kila mara).
Majirani wamecheka: gia za nini,
Tanga tambarare kama sinia,
hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi!
Kweli. Ila mlima wetu haupo barabarani,
uko nyuma, kwenye keria:
ndoo ya vitumbua themanini, kila Jumamosi,
hadi Chumbageni,
na juu ya mlima huo, mdogo wake Kombo,
ambaye hufika vikiwa sabini na tisa.

Akashika ya kuzungusha.
Kiganja kikazunguka peke yake, gia ikabaki palepale.
Mafuta ya vitumbua hayaogeki kwa siku moja.
Akashika ya kubonyeza.
Gumba likapinda kinyumenyume, ukucha ukawa mweupe,
naye akasema, "Nimeweza,"
na gia ilikuwa haijasogea.

Hapo fundi akarusha nati hewani, bila neno.
Mwantumu akaidaka.
Singano akautazama mkono ulioidaka.
"Mashoto?"
"Mashoto," nikajibu,
kama mtu anayetajiwa deni mbele za watu.
Nyumbani tumeshahangaika na mkono huo:
bibi yake kaufunga kitambaa, mwalimu kaupiga rula,
mimi nimeuhamisha kijiko mara ngapi, sikumbuki.
Nao hurudi.

Fundi hakusema kitu juu ya hayo.
Akaokota kile kijiti kikongwe,
akakipuliza vumbi, akakitia tone la mafuta,
akakigeuza, akakifunga kushoto kwa usukani,
waya akaupitisha shingoni, polepole,
kama anayemsuka mtoto asiyetulia.
"Hizi nyingine ukizigeuza zinagoma," akasema.
"Hiki hakina namba. Hakijui kilitakiwa kukaa upande gani."

Elfu sita. Nikatoa tano, akapokea tano, akabaki ameunyoosha mkono.
Nikaongeza.

Akapanda. Kwenye duka la mkaa nikasikia krrr,
mnyororo ukaanguka, naye akashuka.
Nilishapiga hatua mbili.
"Muache," fundi akasema.
Akainama. Akaurudisha kwa mkono wake ule,
akajifuta kwenye gauni (mama yake ataniuliza mimi),
akapanda tena, na safari hii
ikalia tak, moja tu, safi,
na miguu yake ikawa myepesi ghafla,
tukaiona.

Nilirudi nyumbani kwa miguu.
Karibu na msikiti nikajikuta
gumba langu la kushoto, zito, lisilofunzwa kitu,
linasukuma hewa.