Mkono wa Tatu

Niliapa kabla ya shahidi kuapa:
sitaongeza neno, sitapunguza neno.
Mkalimani hulipwa kwa saa, na hana mimi.
Mtu akisema "mimi", nami husema "mimi",
na ile mimi si yangu.

Winnipeg, Februari, ghorofa ya saba.
Kwetu saa tatu asubuhi, kwake saa kumi na mbili jioni,
kule kambini Nakivale, ambako Mwalimu Byamungu
ameisogelea mno simu ya kuazima
hata baraza zima linaona paji la uso na nusu ya miwani.

Kesi ni ya Nzigire. Chuo Kikuu kimesema
diploma yake haitambuliki.
Ije nakala kutoka shuleni, ndani ya bahasha,
bahasha ifungwe, muhuri upite juu ya gundi.
Shule haina paa tangu vita vya mwaka ule.
Hilo wakili wa Chuo alilikubali, tena kwa upole,
ila kanuni, alisema, haizungumzii paa.

"Rejista ya wanafunzi iko wapi?"
Nikaligeuza swali. Mwalimu akanyamaza,
nikadhani mtandao umekatika.
"Nilikuwa na mikono miwili, bwana.
Huu nilimshika mke wangu, huu nilimbeba mtoto.
Rejista ilitaka mkono wa tatu."

Nami nikasema, kwa Kiingereza changu cha madarasa ya usiku,
mimi nilikuwa na mikono miwili.
Mwandishi wa baraza akaacha kuchapa.
Mikono yangu ilikuwa mezani, kando ya bilauri,
imekaa tu.

Je, unamtambua binti huyu?
"Namtambua. Dawati la pili, dirisha lisilo na kioo.
Bikari alikuwa akiazima, na kuirudisha alikuwa akisahau.
Asilimia sitini na nane. Jina lilisomwa redioni,
wenzake wakammwagia poda kichwani mpaka akapiga chafya."
Hapo Nzigire akacheka, peke yake, chumba kizima,
kabla sijafika kwenye chafya.

Kisha mzee akaweka sauti ya darasani:
"Mnataka shahada? Mimi ndiye shahada yake."

Mungu wangu.
Shahada ya kuning'iniza ukutani,
au shahada ya aliyeona kwa macho akasema?
Kwetu neno ni moja, kule ni mawili,
na mwamuzi ameinua kalamu, anasubiri.
Nikachagua moja. Nyingine ikabaki chini ya ulimi
kama punje ya chumvi isiyoyeyuka.
Kiapo changu kilikuwa kimekwisha kuvunjika
na hakuna aliyesikia.

Uamuzi ulisomwa mwezi uliofuata, nikaitwa tena:
Chuo hakikutenda haki kwa kukataa kumsikiliza mwalimu;
jalada lirudi kwenye kamati, litazamwe upya.
Si ushindi. Si kushindwa.
Mama yake aliniuliza kwa macho, nikamgeuzia vilevile,
"litazamwe upya", akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyeambiwa bei.

Kituoni theluji ilikuwa ikianguka kavu, laini.
Nzigire alisimama bila kofia, zamu ya kiwanda cha kuku inamngoja,
nywele zimekuwa nyeupe pepepe.
Sheria hainiruhusu kuzungumza na wahusika.
Nikatazama ratiba ya basi.

Nyumbani nina bahasha ya nailoni chini ya magodoro.
Niliipeleka mara moja, miaka kumi na minne iliyopita,
ikarudi na barua ya mistari mitatu.
Sikubisha. Sikujua kama hubishwa.

Usiku nikajaza fomu ya malipo: saa moja na dakika kumi.
Kwenye "Elimu ya mkalimani", mahali ninapoweka kistari siku zote,
nikaandika: Mwalimu wa Fizikia, Kasulu, miaka tisa.
Wino ulisambaa kidogo kwenye F.
Sikutafuta fomu nyingine.