Mia na Nane

Fundi Mize wa Limbani
hasuki ukili. Ndani
yu na mota; barazani
mamaye ajisukia.

Nyuzi zake ni za shaba,
hata vidole hukaba;
mia mbili, kisha saba,
huhesabu akitia.

Feni yangu imekufa;
kwake, kuna maarifa,
mtaa mzima sifa
humpa, nimesikia.

Akaipindua chini,
akatazama tumboni:
nyuzi zimekuwa kuni,
joto limeziingia.

Nikamuuliza: "Mize,
waya huu, nieleze,
hufanyaje uyaweze
mapanga kuzungushia?"

Hakujibu. Msumari
wa inchi sita, hodari,
akauvika johari:
shaba iliyotulia.

"Una ngozi," akasema,
"ya vanishi, si ya nyama,
umeme usije hama
ukajikatia njia."

Nchani akaparuza,
jiwe la tochi kalaza
mbele yangu kwenye meza,
ncha zote kalifungia.

Pini za ushungi wake,
nikaona — usicheke! —
moja moja, peke yake,
msumari zarukia.

Akakata. Chwa! Mezani
zikaanguka. "Huoni?
Sumaku hii mgeni:
kwa umeme huingia.

"Kila waya, ukipita
umeme, pete huota,
isoonwa; inavuta
kidogo tu, yasinzia.

"Zisuke, ziwe pamoja,
mia zavuta ka moja,
na chuma, ndani, changoja
amri ya kuitikia.

"Chembe zake, ka sokoni,
huku, kule, zi njiani;
umeme ukaadhini,
safu zikajipangia.

"Geuza jiwe: na papo
kaskazini iwapo
kusini huja; na hapo
feni hupata kimbia.

"Lakini, tamaa mbaya:
ukizidisha, ni haya
masizi." Kakata waya
mpya, kaanza kutia.

"Mia na nane..." Ghafula
Wete yote ikalala:
pampu, friji la chakula,
vyote vikajiachia.

Kebo ya Tanga, ya chini
ya bahari, ina nini?
Sumaku zote, nyumbani
na kazini, zajifia.

Barazani, mama yake
hainui jicho lake;
ukili, vidole vyake
vyaona pa kupitia.

Kasema, "Mize mwanangu,
umeme si shoga yangu:
uende, mkeka wangu
hautanifumukia."

Mize kacheka. Kidole
kakibana pale pale
penye uzi wake ule,
hesabu kaishikia.