Bolti ya Sita

Jina jema, walisema wahenga, hung'ara gizani.
Hili halikuwa jema, nalo liling'ara:
herufi nyeupe juu ya bati la kijani,
kila gari lililopita usiku lililiwasha upya.

Miaka minne hapa Maine nimelipangusa matope
nikidhani ni jina la mwenye shamba.
Marla Socobasin hakunicheka.
Alizima lori, akatazama mbele:
ni tusi, alisema,
na aliyetukanwa ni bibi yangu,
akichota maji hapo chini.

Sasa sheria imepita, kura sabini na nane kwa sitini na moja.
Kifungu cha tatu: siku tisini, ramani zote, vibao vyote.
Mzee mmoja alisimama barazani kuuliza
nani atamlipia bahasha zake
zilizokwisha kuchapwa anwani.

Leo tumekuja na spana.
Tano zimetoka.
Ya sita imeliwa na kutu,
inazunguka tu, haitoki,
kama mtu anayeomba radhi bila kutaja kosa.
Marla akaishushia nyundo.

Bati jipya halijafika.
Kamati bado inabishana juu ya tahajia
ya neno la bibi yake,
mahali mikunga hugeukia.
Kijito kinapita kati ya nguzo mbili tupu,
mvua ya jana imekijaza.

Litamke, namwambia.
Analitamka.
Nalikosea.
Analirudia polepole,
amelikalia bati la zamani,
herufi zimelala kwenye nyasi.