Goti la Korongo

Wamemfufua korongo wetu.
Mwaka mzima walituonjesha, sekunde tatu tatu:
bawa, kisha jicho, kisha kofia ya tarishi,
nami, mtu mzima mwenye deni la nyumba na dawa za presha,
nikawa nahesabu siku kama mtoto anayetikisa jino kwa ulimi.

Usiku wenyewe nilichemsha soya changa, nikazima taa,
nikamwita binti yangu Kotoha: njoo uone.
Nje, theluji ya Muroran ilishuka bila haraka.

Zamani tulimtazama dukani kwa baba,
kwani televisheni tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wateja.
Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni:
wanaume wa tanuru la chuma wamelazwa vitini,
povu la sabuni limewafika machoni,
na baba, wembe hewani, anangoja
tarishi apande mgongo wa ndege wa bati.
Hakuna aliyenyolewa kabla korongo hajaruka.
Kaka yangu Kunihiro alishika antena.
Kazi yangu ilikuwa kunyamaza.

Sehemu ya kumi na tisa mchoraji alisahau:
skafu nyekundu ya tarishi ikawa bluu, kwa pumzi moja tu,
ikarudi nyekundu.
Tuliibishania hadi theluji ikayeyuka.
Kunihiro: amebadilishana na maiti.
Mimi: ni baridi, baridi hugeuza rangi,
kajitazame midomo.

Sasa wameieleza.
Dakika ishirini na tatu! Kuna bibi mfumaji, kuna kiapo,
kuna kinanda kinacholia chinichini ili tujue pa kulia.
Tundu tulilokuwa tukichungulia
wameliziba kwa saruji, wakapaka na rangi.
Na korongo anang'aa kama gari lililoshushwa leo melini.
Na anasema!
Yeye aliyevuka sehemu hamsini na mbili bila neno
sasa anatania, anapiga chafya, anamwita tarishi "bosi".
Kotoha alicheka hadi akapaliwa.
Nikacheka naye, kicheko cha mtu
aliyekanyagwa kidole akaombwa radhi.

Lakini kilichonichoma ni goti.
Goti la kushoto, lile la kutu,
lililolia *nyiiieee* kila alipoinuka.
Nilingoja. Akakunja mguu, akaunyoosha, akapaa.
Kimya. Laini kama mlango wa benki.

Nikampigia Kunihiro, Nagoya.
Tangu tumzike baba hatukuwa tukipigiana;
ni mambo ya duka, nani auze, nani asiuze.
Hakusalimu.
"Goti halilii," akasema.
"Halilii," nikasema.
Nikasikia soya zikitafunwa upande wa pili.
Tukaitukana ile kampuni mpaka saa saba ya usiku,
ndugu wawili, matusi yetu yale yale ya darasa la nne.

Baada ya siku tisa akaniandikia.
Amezipata kanda za zamani kwa muuza vikorokoro,
amezitazama zote, sauti juu, hadi jirani kagonga ukuta.
*Nori, goti halikulia kamwe. Hata mara moja.*
Kisha, chini kabisa, kama aliyeondoka akarudi:
*Ni kiti. Kile cha dirishani.
Korongo akianza kupaa, baba alikanyaga pedali
kumwinua mteja aone.*

Niliusoma nimesimama, mswaki mdomoni.

Basi niliwadai wasanii wa watu
sauti ya mguu wa baba.
Ufunguo wa duka uko kwangu, kwenye kopo la chai.
Sijaenda. Kunihiro anasema tusubiri aje Machi,
twende wawili, mmoja akae, mmoja akanyage.

Hata hivyo, na hili sitalirudisha:
ndege yule hakupaswa kusema.