Ukurasa wa Mia Mbili na Tatu

Mwandishi alimuua Kapteni Dobrogost kwa sentensi moja,
ukurasa wa mia mbili na tatu, hata chai hajamaliza.
Bogumila, mkaguzi wa tiketi za tramu mjini Gdansk,
alimfufua usiku uleule
kwa penseli, nyuma ya ratiba zilizopitwa.
Akampa goti bovu, dada mkopaji,
na kuogopa njiwa.

Ikaja barua ya wakili:
jina ni mali ya mteja wetu,
kovu pia, na yule mbwa.

Haya. Akafuta jina.
Akafuta kovu.
Mbwa, akamfungulia mlango aende.

Akabaki mtu tu,
anachechemea,
anawakwepa njiwa wa kituoni,
anadaiwa na dada yake;
na sheria, ilipopishana naye,
haikumjua.